Jino la Milioni Tatu Halilipwi kwa Siku Moja

Haya ndo maneno niliyoongea Jumamosi kuhusu gharama ya jino la kupandikiza, yani implanti, kwenye mkutano wa umoja wa vikoba vyetu, vikundi vya kuweka na kukopa, hapa Uyole, Mbeya. Walioshindwa kufika kwa sababu ya mvua na misiba wameomba nitume yote, kwaiyo nimeyaandika kama nilivyoyasema, zile picha za ukutani tu ndo nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, mama mweka hazina, wazee wangu shikamooni. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleykum. Wa Tukuyu na Kyela mughonile, wa Iringa na Njombe kamwene, Wasafwa wenye mji wenu tunaomba hodi.

Kwanza mjue mimi siyo daktari. Nafanya kazi kliniki ya meno lakini nakaa dirishani, pale pa kulipia. Dokta anakuona ukiwa umefungua mdomo, mimi nakuona ukiwa umefungua pochi, na nawaambia ukweli kuna maumivu nayaona pale dirishani yanazidi ya kule ndani, maana kule ndani angalau kuna ganzi.

Mwenyekiti kaniita kwa sababu moja. Kuna wanachama wameleta maombi ya mkopo wa kuweka jino, kamati ya mikopo ikakaa, ikaangalia ile namba, ikaangaliana. Jino moja? Milioni? Ni meno ya tembo? Mmoja akasema huyu anataka kununua pikipiki anatudanganya. Sasa leo tuelewane hii hela ni ya nini, na mtu wa kipato chetu anaifikiaje bila kuuza shamba.

Implanti ni skrubu ndogo ya titaniamu, urefu wake ni kama sentimita moja hivi, inaingizwa kwenye mfupa wa taya pale mzizi wa jino ulipokuwa, mfupa unaishika, alafu juu yake ndo linakuja jino. Kwaiyo kuna vitu vitatu: skrubu iliyo ndani ya mfupa, kiungio kinachotokeza kwenye ufizi, na kofia ya jino yenyewe ambayo kliniki wanaiita kraun. Hebu semeni na mimi. Skrubu! Kiungio! Kraun! Vizuri, mkitoka hapa mmesahau mengine yote hayo matatu yabaki, maana hapo ndipo watu wanapopigwa.

Aliyegundua ni daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark. Miaka ya 1950 alikuwa anachunguza mifupa ya sungura, akapachika kidude cha titaniamu kwenye mguu wa sungura ili aangalie damu inavyopita, siku ya kukitoa kikagoma, mfupa umeshakikamata. Mtu mwingine angekasirika tu kidude chake cha bei kimeharibika, yeye akaanza kujiuliza maswali. Mwaka 1965 akamwekea mtu wa kwanza, baba mmoja anaitwa Gösta Larsson aliyezaliwa na matatizo ya taya, na huyo baba akatafunia hizo implanti mpaka alipofariki 2006. Pigeni hesabu wenyewe, ni miaka 40 na ushee. Na siyo yeye peke yake, wataalamu wamefuatilia wagonjwa na wameona zaidi ya implanti 9 katika kila 10 bado ziko mahali pake baada ya miaka 10. Kraun ya juu ndo inachoka mapema, baada ya miaka 10 au 15 unaweza kuhitaji nyingine, lakini skrubu inabaki. Kwaiyo mkiambiwa milioni msigawanye kwa jino, gawanyeni kwa miaka.

Haya, tuje kwenye bei. Ukiambiwa bei ya implanti, swali la kwanza ni nini? Bei ya nini? Rudieni. Bei ya nini?

Kuna baba mmoja wa Mbalizi, mtu mzima, anaheshimika, alikuta tangazo kwenye simu kwamba kuna mahali wanaweka implanti laki tisa. Laki tisa! Kwetu alikuwa ameshaulizia akakuta ni zaidi ya mara mbili ya hapo, akatuona wezi, akapanda basi akaenda huko mbali, sitasema wapi wala kwa nani. Akalipa, akawekewa, akarudi anachekelea. Baada ya miezi minne akapiga simu kuuliza nije lini mniwekee jino, akaambiwa mzee ile laki tisa ilikuwa ya skrubu, kiungio na kraun ni hela nyingine, na hiyo nyingine ni kubwa kuliko ya kwanza. Hana. Akakaa na skrubu yake ndani ya ufizi mwaka mzima kama mtu aliyejenga msingi akakosa tofali. Akaja dirishani kwangu mpole kabisa, anaomba dokta wetu amalizie. Dokta akamuuliza swali moja tu, hii skrubu ni ya kampuni gani? Hajui. Saizi gani? Hajui. Una kadi? Hana kadi. Na kila kampuni ina kiungio chake, cha huyu hakiingii kwa yule, kwaiyo ilibidi dokta atumie picha ya eksirei kuifananisha na skrubu anazozijua, ikachukua muda, ikachukua hela, mwisho wa siku yule baba alilipa zaidi ya ile bei aliyosema ni ya wizi.

Kwaiyo unapouliza bei uliza hivi: nataka jumla, kuanzia picha mpaka siku natafuna, imo nini na haimo nini? Na uandikiwe, siyo kuambiwa tu kwa mdomo. Dawa zimo? Kiungio kimo? Kraun imo, na ni ya aina gani? Kraun ya muda wakati unasubiri imo? Skrubu isiposhika narudia kwa hela ya nani? Hilo la mwisho watu wanaona aibu kuuliza, msione aibu, kliniki inayojiamini ina jibu. Na siku ya kuwekewa uondoke na kadi yenye jina la kampuni, saizi na namba ya toleo, iweke pamoja na hati ya shamba, siyo kwenye mfuko wa suruali.

Najua mnasubiri namba. Marekani jino moja lenye kila kitu huwa linatajwa kati ya dola 3,000 na 5,000. Hapa kwetu bei zinapishana sana kati ya kliniki na kliniki, na mimi sikuja kutangaza ya kwetu wala kuchafua ya mwenzangu, kwaiyo leo tutatumia milioni 3 kama namba ya kujifunzia tu, iwe rahisi kugawa. Msije mkaenda kliniki mkasema mama wa dirishani alisema milioni tatu!

Kwa nini ni ghali? Skrubu haitengenezwi Mafinga. Inatoka Uswisi, Sweden, Ujerumani, Korea Kusini, inalipiwa kwa dola, dola ikipanda na jino linapanda. Kuna mashine ya picha inayoonyesha mfupa kwa pande zote, kuna vifaa vya upasuaji, kuna daktari aliyeongeza masomo juu ya yale ya kawaida, kuna fundi wa maabara anayechonga kraun ifanane na jirani zake. Za Korea huwa nafuu kuliko za Uswisi, na hiyo haimaanishi ni feki. Mimi kwa maoni yangu chukua ya kati, ya kampuni inayojulikana ambayo madaktari wengi nchini wanaitumia, kwa sababu miaka 12 baadaye ukitaka kiungio kipya uweze kukipata.

Na jamani, kuna wale wa mtaani. Wanakuja sokoni na kibegi, wanabandika jino kwa gundi. Sitaki hata kuwaongelea sana. Daktari wa meno anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na wewe una haki ya kumuuliza usajili wake. Tuendelee.

Sasa jambo la pili, na hili ndo linaongeza bei kimyakimya. Mfupa.

Watu wa Mufindi hapa mko wangapi? Nyie mnajua nguzo za umeme. Nguzo nzuri ukiisimika kwenye udongo uliolegea inalala, kosa siyo la nguzo. Implanti ni hivohivo, kila kitu kinategemea mfupa, na mfupa wa taya una tabia moja, jino likitoka unaanza kuisha. Mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, upana wa mfupa pale penye pengo unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya huo upungufu inatokea miezi mitatu ya mwanzo.

Kuna mama mmoja wa Rungwe, mkulima wa chai, aling'oa jino la juu upande wa mbele, akasema nitaweka jingine nikikaa vizuri. Watoto wakaingia sekondari, akajenga, akauguza, mnajua maisha. Alipokuja miaka imepita mingi, na hela safari hii anayo, kaikunja kwenye kanga. Picha ikaonyesha mfupa umekuwa mwembamba kama ukingo wa sahani. Ikabidi kwanza aongezewe mfupa, ambao ni upasuaji mwingine, gharama nyingine, na miezi mingine ya kusubiri. Yule mama aliniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: mbona siku ya kung'oa hakuna aliyeniambia? Sikuwa na jibu.

Kwaiyo nawaambia nyie. Siku unang'oa, kabla hujafungua mdomo uliza: dokta, nikitaka kuja kuweka implanti hapa baadaye, kuna cha kufanya leo kulinda mfupa? Wakati mwingine kuna unga maalumu wanajaza kwenye shimo la jino, unaongeza gharama siku hiyo lakini unaweza kukuokoa kwenye upasuaji mkubwa baadaye. Na kabla ya hapo uliza swali kubwa zaidi: hili jino lazima ling'olewe? Sisi watu wa huku tuna haraka ya kung'oa. Jino linauma, ng'oa. Kumbe mengine yangesafishwa mzizi yakazibwa, na kusafisha mzizi ni sehemu ndogo tu ya bei ya implanti. Implanti ya bei rahisi kuliko zote ni jino lako mwenyewe.

Hapohapo niwape kitu cha bure. Mtoto wa shule au kijana akianguka, jino la ukubwani likatoka zima na mzizi wake, fanya nini? Mnalitupa juu ya bati! Hapana. Lishike kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi, usilisugue, lisuuze kidogo kama lina udongo, lirudishe kwenye shimo lake, ukishindwa litumbukize kwenye maziwa, alafu kimbia kwa daktari wa meno, ndani ya saa moja lina nafasi nzuri ya kushika tena. Mkoa huu maziwa tunayo, hatuna kisingizio. Ila la utotoni usilirudishe, hilo liache.

Jambo la tatu. Siyo kila pengo linataka implanti. Kliniki hawatakuambia hivi kwa sauti kubwa, mimi naweza kwa sababu mshahara wangu ni uleule.

Magego ya nyuma kabisa, kama mbele umebakiwa na meno ya kutosha yanayokutana juu na chini, unaweza kutafuna vizuri tu bila kuweka chochote. Kuna utafiti ulifanyika hapahapa Tanzania, ulichapishwa 2003, waliangalia watu waliopoteza magego wakakuta waliobakiwa na meno ya kutosha ya mbele na ya pembeni wanatafuna vizuri. Kwaiyo mtu akikuambia mama una mapengo manne yote lazima implanti, kaa chini kwanza, muulize lipi linakusumbua. La mbele linaumiza kicheko, hilo naelewa. La nyuma ambalo hata mumeo hajui kama halipo, hilo linaweza kusubiri.

Alafu kuna mbadala. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, haya ya plastiki, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na yanawatosha wengi. Kuna daraja, yani jino la katikati linaning'inizwa kwenye jirani zake wawili, linafaa hasa kama hao jirani wameshaharibika na walikuwa wanahitaji kraun hata hivyo. Ila kama jirani ni wazima, daktari inabidi awachonge, na jino likishachongwa halirudi. Hapo ndipo implanti inashinda, haimgusi jirani.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu, mzee wangu kabisa, alikuja na hela ya kiinua mgongo. Taya la chini hana hata jino moja. Alikuwa na meno ya kuvaa, ila ya chini yanacheza, akiongea yanaruka, siku moja kwenye harusi anatoa nasaha kwa maharusi yakataka kutoka, tangu siku hiyo akaacha kusimama mbele za watu. Mwalimu! Mtu aliyeongea maisha yake yote. Akasema nataka implanti taya zima, jino kwa jino. Nikafungua kikokotoo nikaona namba nikamgeuzia asome mwenyewe, nilishindwa kuitamka. Dokta akamwambia mwalimu, hatuhitaji kupanda shamba lote. Tunaweka implanti mbili tu mbele, alafu meno yako ya kuvaa yanashikwa hapo kwa vifungo, unavua usiku unasafisha. Na hii siyo dawa ya maskini, wataalamu wa meno walikutana chuo cha McGill kule Kanada 2002 wakakubaliana kwamba kwa mtu asiye na meno kabisa taya la chini, implanti mbili na meno ya kubana ndo kiwango cha kuanzia. Mbili, siyo kumi na nne. Mwalimu akaweka. Kiinua mgongo kikabaki. Wiki ya tatu baada ya kumaliza nikamsikia anagombeza watu kwenye foleni pale nje, nikajua amepona.

Sasa tufike kwenye hela yenyewe, na hapa kamati ya mikopo naomba masikio yote.

Nianze na kijana wa bodaboda. Huyu aligongwa na gari, akavunjika meno mawili ya mbele. Kijana, mchumba yupo, anaona aibu, akafunika mdomo kwa mkono wiki nzima. Akaenda kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Mnawajua, si ndiyo? Nasikia mnacheka wengine, mnacheka kwa uchungu. Hebu tupige hesabu ya mfano. Umekopa laki 5, riba asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi laki 1 ya riba peke yake. Miezi sita umeshalipa laki 6 na ile laki 5 bado unadaiwa yote! Chukua laki 5 hiyohiyo kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, inayopungua kadiri unavyorejesha, kwa miezi sita riba yote ni shilingi 26,250. Laki sita na deni bado lipo, au elfu ishirini na sita deni limekwisha. Yule kijana pikipiki ilichukuliwa kabla hata kidonda hakijapona. Na hizi aplikesheni za mikopo za kwenye simu, Benki Kuu mwaka 2024 ilitoa orodha ya zisizo na leseni, kabla ya kubonyeza angalieni.

Lakini kinachoniuma kuhusu huyu kijana ni kingine. Aligongwa na gari. Gari lina bima, bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, na aliyeumizwa ana haki ya kudai fidia. Yeye hakuchukua hata PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi! Mwenye gari alimpa elfu hamsini ya soda wakaachana barabarani. Ndugu zangu, ukiumia kwa ajali, hata kama ni jino tu, nenda polisi, chukua PF3, piga picha, tunza risiti zote, hata ya panado. Na aliyeumia akiwa kazini, kwenye kiwanda cha chai, kwenye mashine ya mbao, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwambie mwajiri atoe taarifa mapema. Usiingie mfukoni kwako kabla hujauliza mifuko mingine.

Bima ya afya? Nyingi zinalipia kung'oa, kuziba, dawa. Implanti mara nyingi haimo. Ila angalia vizuri, kuna vipande vya safari ambavyo bima inaweza kubeba, kumuona daktari, picha ya kawaida, kung'oa, kutibu ufizi. Hivo vifanyie kwa bima yako, usilipe keshi kwa kitu ambacho umeshakilipia. Na ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake, msiitaje kabisa, ile ni ya biashara ya kikundi, jino lako siyo mradi.

Sasa sikilizeni siri ya implanti ambayo mimi dirishani nimeiona na wengi hawaioni. Kwa kawaida haimaliziki siku moja! Skrubu ikishaingia mfupa unahitaji miezi mitatu mpaka sita kuishika, ndipo unawekewa kiungio na kraun. Watu wanaona huo muda ni usumbufu, mimi nauona ni nafasi ya kupumua. Yani ile milioni 3 yetu ya mfano hata wewe ukiwa nayo yote hutakiwi kuimwaga siku moja. Tuigawe. Vipimo na picha, tuseme 150,000. Upasuaji na skrubu, 1,650,000. Kiungio na kraun, 1,200,000. Kila kipande na tarehe yake. Muulize mtu wa dirishani, naweza kulipa kila hatua inapofika? Kliniki nyingi watakubali, ila muandikiane kwamba bei ya kraun ni hii na haitapanda mpaka siku yake. Na kumbukeni, hata kama kraun ikichelewa mwezi mmoja au miwili skrubu haiozi, inakaa chini ya kifuniko chake inakusubiri. Usiache tu ikawa miaka, meno ya jirani yanaanza kulalia pengo.

Wa kwenda Dar hesabu ni ileile ila ongezeni nauli, na siyo ya kwenda na kurudi mara moja. Kuna kupimwa, kuna kuwekwa, kuna kutoa nyuzi, kuna kipimo cha kraun, kuna kuvalishwa. Zaidi ya kilomita 800 kila upande, na chakula, na kulala kwa shemeji ambaye mara ya tatu ameshakuchoka. Vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno kama Muhimbili ulizieni, mara nyingi vina unafuu, muda wao tu ndo mrefu. Ila kliniki ya hapa mjini ikikupa bei ya juu kidogo, ipunguzie hizo nauli kwanza ndo ulinganishe.

Na ukishaweka, itunze. Implanti haitoboki lakini ufizi wake unaugua, na ufizi ukiugua mfupa unaisha, skrubu inatoka, na milioni zako zinatoka nayo. Mswaki asubuhi na usiku, safisha katikati ya meno, rudi kusafishwa na kuangaliwa walau mara moja kwa mwaka. Hiyo nayo iweke kwenye bajeti. Wavuta sigara nanyi mnajijua, hatari ya implanti kufeli kwenu ni kubwa zaidi, dokta anaweza kukuambia acha kwanza.

Naona mikono. Maswali machache niliyojibu nayaweka hapa.

Baba mmoja aliuliza kama mwenye kisukari anaweza. Anaweza, kama sukari imetulia, akija na vipimo vya miezi ya karibuni dokta ataangalia. Sukari ikiwa inapanda na kushuka kidonda hakiponi vizuri, hapo subiri, tuliza kwanza, hela itunze.

Kuna mtu alinifuata pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kuhusu wanaotumia ARV, nikamuomba nijibu mbele za watu bila kumtaja, akakubali. Jibu ni ndiyo. Anayetumia dawa vizuri na kinga iko juu anawekewa kama mtu mwingine. Mwambie dokta ukweli, hakuna bei ya ziada ya hilo, na mtu akikutoza ya ziada kwa sababu hiyo ondoka.

Binti mmoja ana mtoto wa miaka 14 aliyevunjika jino. Asubiri, taya bado linakua, mpaka walau miaka 18 hivi. Kwa sasa avae la kuvua.

Na mama mwenye kitenge cha njano, mkulima wa mahindi, akauliza swali ambalo ningependa wote mngeuliza: mimi nianze lini? Mama, twende na mashamba yako. Mahindi unavuna, Julai na Agosti unauza, hapo ndo una hela ya skrubu, nenda Agosti hiyohiyo kabla haijaingia kwenye mambo mengine. Picha na vipimo fanya Juni, utajua mapema kama mfupa upo au bei itaongezeka. Septemba, Oktoba, Novemba mfupa unashika, wewe unaandaa shamba. Huku nyuma tangu Januari umekuwa unaweka kwenye kikoba 25,000 kila wiki, kwa wiki 48 ni 1,200,000, ukiacha faida. Desemba tunavunja kikoba na kugawana hela, unaenda kuvalishwa kraun kabla ya Krismasi. Kabla, mama, siyo baada! Ukiivusha ikafika Januari wenye ada watakutangulia.

Akasema basi mweka hazina aniandikie hiyo 25,000 ya kila wiki kuanzia wiki ijayo. Mwenyekiti akasema hilo lipo kwenye uwezo wa kamati, tukaenda kula.